Semarang, bandari ya kale ya Java: ninaomba ushauri wa kuitembelea bila wakala

MwalimuWaKatuba, Lubumbashi

Ndugu zangu wapendwa, ninawasalimu kwa heshima.

Ninafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Lubumbashi, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiwaeleza wanafunzi habari za Kampuni ya Kiholanzi ya Uhindi wa Mashariki, za meli zilizozunguka Rasi ya Tumaini Jema zikielekea Java, na za sukari na kahawa iliyorudi nazo Ulaya, bila mimi mwenyewe kuiona hata bandari moja kati ya hizo. Mwaka huu, Mungu akipenda, nitakwenda Jakarta kwa mwaliko wa binamu yangu anayefanya kazi huko. Nikishamaliza siku za familia, nitabaki na muda wangu mwenyewe ambao haufiki juma moja, na sitaki kuutumia wote ufukweni Bali kama wanavyonishauri wengi.

Ninatafuta mji wa bandari ambao historia yake bado inasomeka barabarani. Nimesoma kidogo juu ya Surabaya na juu ya mji wa kale wa Batavia, ambao uko ndani ya Jakarta yenyewe na binamu yangu ameahidi kunionyesha. Hata hivyo, moyo wangu unavutwa zaidi na Semarang, mji mkuu wa jimbo la Java ya Kati, ambao Mfalme Amangkurat wa Pili wa Mataram aliwaahidi Waholanzi mwaka 1678 kama sehemu ya malipo ya deni la vita. Kisa cha mji kuwekwa rehani na kupotea kwa njia hiyo ni somo ambalo Mkongomani yeyote analielewa bila kufafanuliwa sana.

Ningependa kujua kwa waliowahi kufika: je, mji huo unastahili siku tatu au nne za mtu ambaye huenda asirudi tena upande ule wa dunia? Mgeni aanzie wapi, na aende kwa chombo gani? Nimesikia kwamba maji ya bahari huingia mitaani. Jambo hilo ni zito kiasi gani kwa mtu anayetembea kwa miguu? Mimi ni Mkatoliki, ninazungumza Kiswahili na Kifaransa, na Kiingereza changu ni cha kuombea maji tu. Ninaomba pia mniambie kwa ukweli jinsi mtu mweusi anayesafiri peke yake anavyopokelewa.

MstaafuWaReli, Lubumbashi, mtaa wa Kenya

Mwalimu, salamu nyingi. Nilitumika katika reli hapa Katanga hadi nilipostaafu, na mwanangu alipokuwa akisoma Java nilipata nafasi ya kumtembelea na kufika Semarang pamoja naye. Jibu langu ni ndiyo, na ninalisema bila kusita, kwa sababu sijui mji mwingine ambapo mtu anaweza kuona waziwazi namna hiyo jinsi bandari inavyoita reli, na jinsi reli inavyoweza kuubadilisha mji mzima.

Anza kwa kufahamu kwamba Semarang haikuwa bandari nzuri kwa asili yake. Mito inashuka kutoka milimani ikiwa imejaa matope, pwani inajaa, na zamani meli kubwa zililazimika kutia nanga mbali baharini huku shehena ikipelekwa na kuletwa kwa mashua. Hata hivyo, nyuma ya mji huo kulikuwa na nchi za wafalme wa Surakarta na Yogyakarta, na huko ndiko zilikotoka sukari, kahawa, tumbaku na nili. Mali ilikuwa nyingi kuliko uwezo wa mikokoteni na barabara za wakati ule. Ndiyo maana ujenzi wa reli ulianza hapo tarehe 17 Juni 1864, na tarehe 10 Agosti 1867 treni ya kwanza katika visiwa vyote vya nchi hiyo ikatoka Semarang kwenda kijiji cha Tanggung, mwendo wa kilomita kama 25. Kufikia mwaka 1873 njia hiyo ilikuwa imeziunganisha Surakarta na Yogyakarta na bahari. Sisi reli ilitufikia Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910 ikitokea kusini, nayo pia ilikuja kwa ajili ya mali iliyokuwa ardhini kabla haijafikiriwa kwa ajili ya abiria. Utakapowafundisha watoto wetu, ziweke reli hizi mbili kwenye ubao mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa reli hawezi kulinyamazia. Kampuni iliyojenga njia ile ya kwanza, yenye makao yake Semarang, ilichagua upana wa milimita 1,435 kama Ulaya, lakini reli nyingi zilizofuata Java zilijengwa kwa milimita 1,067, upana uleule tunaoutumia hapa Katanga. Kwa miaka mingi bidhaa zilizotoka njia moja kwenda nyingine zililazimika kushushwa na kupakiwa upya, hadi Wajapani walipoitawala Java wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na kuibadilisha njia ile pana. Leo ukisimama kwenye kituo cha Tawang na kuangalia chini, utaona reli ambayo mabehewa yetu yangeweza kusimama juu yake.

Sasa nakuja kwenye jengo lenyewe. Makao makuu ya kampuni hiyo yalianza kujengwa mwaka 1904, sehemu yake kubwa ikakamilika mwaka 1907, na majengo yaliyobaki yakamalizika mwaka 1919. Wenyeji huliita Lawang Sewu, yaani milango elfu, na ukiingia ndani utaelewa kwa nini. Wasanifu walitambua kwamba makarani wasingeweza kufanya kazi katika joto la pwani bila hewa, kwa hiyo waliizungushia kila ghorofa veranda pana na kupanga milango mirefu mkabala kwa mkabala, ili upepo uingie upande huu na kutokea upande ule. Kwenye ngazi kuu kuna dirisha kubwa la vioo vya rangi lililotengenezwa Delft, Uholanzi. Simama hapo asubuhi, jua linapolipiga, kabla makundi ya watalii hayajafika. Ndani kuna maonyesho ya historia ya reli, tiketi za zamani na mashine za ofisini, na nakuomba usiyapite haraka.

Wengi watakuambia habari za mizimu ya jengo hilo. Mimi ningependa ukumbuke watu halisi. Wakati wa Wajapani chumba cha chini ya ardhi kiligeuzwa kuwa gereza, na kuanzia tarehe 15 hadi 19 Oktoba 1945 vijana wa Semarang, wakiwemo wafanyakazi wa reli, walipigana na wanajeshi wa Kijapani katika eneo hilohilo, miezi miwili tu baada ya Indonesia kutangaza uhuru wake. Mnara wa Tugu Muda, uliozinduliwa na Rais Sukarno mwaka 1953, uko mbele ya jengo, katikati ya mzunguko wa barabara. Mtu aliyefanya kazi ya reli akisimama pale huvua kofia.

Ukiwa na siku moja zaidi, nenda Ambarawa, kilomita kama 40 kusini, ambako kituo cha mwaka 1873 kimegeuzwa kuwa jumba la makumbusho la injini za mvuke. Juu yake kuna kipande cha njia yenye meno katikati, kilichoiwezesha treni kupanda mlima kuelekea Bedono. Mwishoni mwa juma huwa kuna treni ya watalii inayokwenda Tuntang kandokando ya bonde la ziwa la Rawa Pening, kwa hiyo ipangie Jumamosi au Jumapili.

MamaBikwembe, Lubumbashi, Kamalondo

Papa MstaafuWaReli amesema vizuri na ninamheshimu, lakini Mwalimu akimfuata yeye peke yake atarudi na habari za vyuma tu. Bandari inajulikana pia kwa kilichovaliwa na kilicholiwa ndani yake, na mimi, ambaye maisha yangu yote nimeuza bikwembe, nilikwenda kule kwa sababu ya kitambaa.

Mwalimu, wanafunzi wako wanajua kwamba kikwembe kizuri kinaitwa wax hollandais, na mama zao wanakiweka sandukuni kama akiba. Waambie kilikotoka. Mafundi wa Java walikuwa wakichora kwenye pamba kwa nta ya moto, wakitumia kikalamu cha shaba chenye mdomo mwembamba kiitwacho canting, kisha wakatia rangi, wakachemsha nta ikatoka, wakachora tena kwa ajili ya rangi ya pili. Kazi ya mkono mtupu inaweza kuchukua majuma au miezi kwa kitambaa kimoja. Katika karne ya 19 Waholanzi walitaka kuwauzia watu wa Java batiki iliyotengenezwa kwa mashine. Kiwanda cha Vlisco, kilichoanzishwa Helmond mwaka 1846, ni mmojawapo wa walioifanya kazi hiyo. Mashine iliacha nyufa ndogondogo na madoa ya rangi ambayo mnunuzi wa Java hakuyapenda. Afrika ya Magharibi iliyapenda, na kutoka huko biashara ikaenea hadi ikatufikia sisi. Nilipomwona mama wa Kijava akipulizia canting yake ili isizibe, nilielewa kwamba nilikuwa nimeuza mjukuu wa kazi yake bila kumjua bibi.

Ndani ya Semarang kuna mtaa wa mafundi uitwao Kampung Batik, karibu na Bubakan, si mbali na mji wa kale, ambako utaona michoro inayohusu mji wenyewe. Lakini kama kitambaa kinakugusa kweli, panda treni asubuhi kuelekea magharibi hadi Pekalongan, ambayo ni kama kilomita 100, uone jumba la makumbusho la batiki na warsha zake, kisha urudi jioni. Pekalongan nayo ilikuwa bandari, na utaiona bandari hiyo kwenye nguo: rangi za Wachina, maua ya mtindo wa Ulaya, mistari iliyokuja na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kihindi. Unapouliza bei, uliza kwanza kama kitambaa kimechorwa kwa mkono, kimegongwa kwa muhuri wa shaba, au kimechapishwa kiwandani, kwa maana vyote vitatu vinauzwa meza moja na bei zake haziko karibu hata kidogo. Geuza kitambaa uangalie upande wa ndani: kilichochapishwa kiwandani mara nyingi huwa kimefifia nyuma. Mimi hununua kilichogongwa kwa muhuri, kwa sababu ni kazi ya fundi na bado mwalimu anaweza kukilipia.

Pita pia katika soko la Johar. Lilichorwa na msanifu Thomas Karsten na kujengwa katika miaka ya 1930, likiwa na nguzo za saruji zinazopanuka juu kama uyoga ili hewa na mwanga vipite. Liliungua mwaka 2015, likakarabatiwa na kurudishiwa wachuuzi. Mimi ninayejua moto wa soko unavyowaachia akina mama mikono mitupu, nilifurahi kulikuta limejaa watu.

Kuhusu chakula, hutapata bukari, yaani ugali wetu, lakini utakula majani ya muhogo yaliyopikwa kwa tui la nazi, na ladha yake itakufanya uulize ni nani aliyeleta sombe huko. Kula lumpia, ambayo ni unga mwembamba uliokunjwa na kujazwa machipukizi ya mianzi, yai, na kamba au kuku. Kuna duka la zamani karibu na hekalu la Tay Kak Sie, katika mtaa wa Wachina. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili jioni mtaa huo hufunga barabara yake moja na kuigeuza soko la chakula liitwalo Semawis. Ukifika Jumatatu umelikosa, kwa hiyo lifikirie unapopanga safari. Na kwenye barabara ya Pandanaran wanauza samaki ambaye watu wa pwani ya Waswahili humwita mwatiko, aliyepikwa kwa mvuke mzito hadi miiba yake yote ikalainika na kulika.

AliyesomaYogyakarta, Bukavu

Mwalimu, Papa na Mama, shikamooni. Nilisoma chuo kikuu Yogyakarta kwa ufadhili wa serikali ya Indonesia, na Semarang ilikuwa njia yangu ya kwenda Jakarta, kwa hiyo nitajibu zaidi yale ya safari yenyewe.

Visa ndiyo inayotangulia yote. Mwenye pasipoti ya Kongo asipande ndege akitegemea kupewa visa uwanjani. Iombe mapema kupitia tovuti rasmi ya uhamiaji ya Indonesia, na mwambie binamu yako akuandalie barua ya mwaliko na anwani yake kamili. Beba kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu wasafiri wanaotoka nchi zetu huulizwa. Dola zako ziwe mpya, zisizokunjwa wala kuandikwa. Unajua jinsi wabadilisha pesa wa Lubumbashi wanavyozikataa zilizochanika, na wale wa Java ni wakali kuwapita. Noti kubwa ya nchi hiyo ni ya rupia 100,000, kwa hiyo usishtuke unapopewa bunda.

Kutoka Jakarta usipande ndege. Treni zinaondoka kituo cha Gambir, karibu na mnara wa taifa, na hufika Semarang Tawang kwa muda wa saa tano hadi sita, nyingi zikipita pwani ya kaskazini, na katika sehemu fulani bahari iko karibu kabisa na dirisha. Tiketi hununuliwa mapema kwenye programu ya simu ya shirika la reli, na jina na nambari lazima vilingane na pasipoti. Kadi za benki za nje wakati mwingine zinakataliwa, kwa hiyo mwombe binamu yako akununulie. Epuka siku za kumalizika kwa Ramadhani, kwa maana Java nzima huwa njiani kurudi kijijini na hakuna kiti kinachobaki. Tawang hupokea zaidi treni za daraja la juu. Treni nyingi za bei nafuu husimama Poncol, kilomita chache upande wa magharibi. Yote mawili ni majengo ya mwaka 1914. Ndani ya mji kuna mabasi ya Trans Semarang ambayo nauli yake ni ndogo sana, na kuna piki-piki za kuitwa kwa simu kupitia Gojek au Grab, ambazo zinakuondolea ubishi wa bei.

Uliuliza juu ya maji, na ninaomba ulichukue jambo hili kwa uzito. Upande wa kaskazini wa mji umejengwa juu ya matope machanga ya mto. Maji ya chini ya ardhi yamevutwa sana na visima, majengo yanakandamiza, na ardhi inashuka sentimita kadhaa kila mwaka huku bahari ikipanda. Bahari inapojaa, maji huingia mitaani hata jua likiwa kali, na wenyeji huyaita rob. Bwawa kubwa utakaloliona mbele ya kituo cha Tawang si la mapambo. Linakusanya maji ili pampu ziyatoe. Mji wa kale umekarabatiwa na siku nyingi utatembea pakavu, lakini mitaa iliyo karibu na bandari na vijiji vya pwani upande wa Demak vinaishi na jambo hilo kila siku, na kuna familia zilizoinua sakafu zao mara kwa mara hadi dirisha likawa karibu na magoti. Nenda kati ya Mei na Septemba ukiweza, kwa sababu Januari na Februari mvua na bahari hukutana. Vaa viatu visivyoogopa maji.

Kwa sababu hiyohiyo ningependa ufike mahali ambapo wageni wengi hawafiki, nao ni msikiti wa Layur, katika mtaa wa Kimelayu, karibu na mto. Ulijengwa mwaka 1802 na wafanyabiashara Waarabu wa asili ya Yemeni, jamaa za wale waliohamia Lamu na Mombasa. Mnara wake bado umesimama, lakini ghorofa ya chini imefukiwa kwa sababu ya maji, na watu husali katika ile iliyokuwa ya juu. Ingia kwa adabu, nje ya nyakati za sala, uombe ruhusa kwa mlinzi. Hakuna kitabu kitakachokuonyesha kushuka kwa mji huo vizuri kuliko ngazi zake.

Upande wa kusini-magharibi kuna hekalu la Sam Poo Kong, linalomkumbuka Zheng He, amiri wa China aliyekuwa Mwislamu na ambaye misafara yake, kati ya 1405 na 1433, ilifika Java na pia pwani yetu ya Afrika ya Mashariki hadi Malindi. Wenyeji husimulia kwamba nahodha wake Wang Jinghong aliugua, akaachwa hapo apone, akabaki kulima na kufundisha watu. Wachina wanamwombea Zheng He hapo kwa ubani, na Waislamu wa Java nao hufika kumheshimu. Kwa mwalimu wa historia kutoka Afrika, huyo ni mtu aliyegusa ncha zote mbili za bahari yetu.

Sasa lile la mwisho, kuhusu kupokelewa. Watu wa Java ni wapole na hawapendi sauti kubwa. Watakutazama, watoto wataomba kupiga picha nawe, na mara nyingi ni udadisi tu wa watu wasiomwona Mwafrika kila siku. Siwezi kukuficha kwamba baadhi ya wenye nyumba na maofisa humshuku Mwafrika kabla hajafungua kinywa; kuwa na nakala ya pasipoti na visa mfukoni, jibu taratibu, tabasamu, na jambo hupita. Jifunze maneno machache ya Kiindonesia, ambayo hutamkwa kama yalivyoandikwa na hayatakuwa magumu kwa ulimi wa Mswahili. Wala wewe hutakuwa Mwafrika wa kwanza kuishi au kupita hapo. Kati ya 1831 na 1872 Waholanzi walisafirisha zaidi ya wanaume elfu tatu kutoka Elmina, katika Ghana ya leo, wawe askari wao, na wengi walioa Java, wakabaki Semarang, Salatiga, Surakarta na hasa Purworejo, ambako walipewa mtaa wao. Wenyeji waliwaita Waholanzi Weusi. Wanafunzi wetu hawafundishwi habari hiyo, na ningefurahi sana kusikia kwamba darasa moja la Katuba limeisikia.

MwalimuWaKatuba, Lubumbashi

Asanteni sana, Papa, Mama, na wewe ndugu yangu wa Bukavu. Sikutegemea kupata mengi kiasi hiki, na habari za askari wa Elmina zimenigusa kwa namna ambayo bado ninaitafakari.

Nimeamua kufika Alhamisi ili niwe na Ijumaa na Jumamosi kamili, pamoja na Jumapili ya Ambarawa, kisha Jumatatu niende Yogyakarta. Nina maswali mawili tu yaliyobaki. Je, inawezekana kutembea mji wa kale, msikiti wa Layur na mtaa wa Wachina kwa siku moja bila chombo? Na misa ya Jumapili niitafute wapi kabla ya kwenda milimani?

AliyesomaYogyakarta, Bukavu

Inawezekana, Mwalimu, ukianza mapema kabla ya joto. Shuka Tawang, zunguka bwawa, ingia mji wa kale na uende hadi kanisa la Kiprotestanti lenye kuba la shaba, ambalo watu huliita Blenduk. Lilianzishwa mwaka 1753, na sura unayoiona leo, yenye minara miwili, ni ya mwaka 1894. Pembeni yake kuna bustani ndogo ya Srigunting yenye miti mikubwa. Kaa hapo uyatazame majengo ya benki, bima na makampuni ya sukari yanayoizunguka, kwa maana huo ndio uliokuwa moyo wa fedha wa pwani nzima. Oei Tiong Ham, aliyezaliwa Semarang mwaka 1866 na kuwa mfalme wa sukari wa nchi hizo, alitawala biashara yake kutoka mitaa hiyo. Kisha uvuke mto kuelekea magharibi, uende Layur kabla ya adhuhuri, urudi kusini kupitia Johar na msikiti mkuu wa Kauman, na umalizie mtaa wa Wachina jioni. Layur ndiyo iko kando kidogo. Ukichoka, piki-piki itakupeleka kwa dakika chache. Lawang Sewu na Sam Poo Kong viachie siku ya pili, kwa sababu viko upande mwingine wa mji.

Kuhusu misa, liko kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu, mtaa wa Gedangan, hatua chache kutoka mji wa kale, la matofali mekundu, lililojengwa katika miaka ya 1870. Hapo ndipo alipokaa Albertus Soegijapranata, mzaliwa wa Java, ambaye mwaka 1940 alikuwa Mwindonesia wa kwanza kuwekwa askofu, na ambaye katika zile siku tano za Oktoba 1945 alizozitaja Papa alisaidia kuwakutanisha Wajapani na viongozi wa mji ili risasi zisimame. Alifariki mwaka 1963 na kuzikwa Semarang katika makaburi ya mashujaa. Misa za huko ni kwa Kiindonesia, na nyimbo nyingine kwa Kijava, lakini mpangilio wake utaufuata bila shida.

Angalia ratiba kwenye mlango wa kanisa siku ya Ijumaa unapopita, uchague misa ya kwanza ya asubuhi, kisha upande basi dogo la kwenda Ambarawa mara tu inapokwisha. Na kwa Jumatatu, usirudi Semarang kutoka milimani kama unaweza kulala Ambarawa au Magelang: Borobudur, hekalu kubwa la kale la Kibudha, iko karibu na Magelang, kwenye njia hiyohiyo ya kwenda Yogyakarta, na utaifikia asubuhi bila kurudi nyuma.